Mchoro wa Penseli kutoka Msimbu

Mjukuu wangu Zuhura anafanya kazi katika ofisi ya mawakili mjini. Juzi alikuja kunijulia hali, na kabla hata hajanywa maji akaanza kulalamika. Kampuni mbili zinashtakiana juu ya programu ya simu. Moja inasema mwenzake ameiba ubunifu wake, mwenzake anasema leseni ilimruhusu, na jaji hajui programu inafananaje ndani. "Babu, wiki ya pili hii tunamweleza, bado anauliza hicho kinachogombewa kiko wapi." Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia hata jaji wetu aliuliza hivyohivyo, na sisi chetu kilikuwa cha mbao na chuma, unaweza kukikalia.

Basi haya nayaandika kwa ajili yake na wenzake. Vijana mnadhani ugomvi wa kampuni juu ya ubunifu umeanza na kompyuta. Wapi. Mimi nimekula mkate wa ugomvi huo miaka mingi, tangu siku ambazo neno hataza halijulikani, sisi tunasema patenti, ile hati ya serikali kwamba ubunifu ni wako.

Kazi yangu ilikuwa mchora mitambo katika ofisi ya Wakili Salehe. Yeye alijua sheria lakini hakujua bolti inaingia upande gani, na hakuona aibu kusema. Mteja akija na mashine yake, mimi natumwa kwenda kuichora ili jaji aielewe. Nilikuwa na meza ya mteremko, rula ya T, pembetatu mbili na kalamu za wino za kila unene. Ukikosea hakuna kitufe cha kufuta. Unachukua wembe, unaukwangua wino taratibu huku umezuia pumzi, na ukikwangua sana karatasi inatoboka, unaanza upya. Jasho nalo lilikuwa adui, kwa hiyo nilifunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono kama mtu aliyeteguka.

Msicheke, maana mimi nilichekwa vya kutosha. Mwaka wangu wa kwanza nilimchorea Wakili Salehe pampu ya maji, nikasahau kuandika juu ni wapi. Akasimama mbele ya jaji nusu ya asubuhi ameushika mchoro kichwa chini miguu juu, anaeleza kwa ufasaha mkubwa. Mwishowe jaji akamuuliza kwa upole kama maji hayo yanapanda au yanashuka. Tangu siku hiyo kila mchoro wangu una mshale.

Jambo jingine, Zuhura, ulishike hili. Usimwanzie jaji na skrubu. Mwanzie na mtu. Mimi nilianza kuchora mtu amekaa kwenye mashine, mkono wake uko hapa, mguu wake uko pale, ndipo nafungua mashine kidogo kidogo. Jaji akishajiona amekaa mwenyewe, mengine yanakwenda. Na wewe mwonyeshe kwanza kidole cha mtu kinagusa nini kwenye simu.

Hilo sikulibuni mimi. Nilifundishwa na Mzee Mwinshehe wa Soga, ambaye nilipomjua alikuwa mchoraji wa upande wa pili, analipwa ili sisi tushindwe. Kwa hiyo lazima niwaeleze ile kesi ya korosho.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Mlandizi kulikuwa na karakana ndogo ya kikundi cha mafundi, mkuu wao akiitwa Fundi Kondo, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Walikuwa wanatengeneza mashine ya kubangulia korosho na kuvipa vijiji. Kama hujawahi kubangua korosho kwa mkono, shukuru. Lile ganda lina mafuta yanayounguza, na wanawake wa kwetu walikuwa na vidole vyeusi vilivyochunika. Mashine ya Kondo unakaa, unakanyaga pedali, kisu cha juu na cha chini vinalibana ganda, kisha kikono kidogo kinapinda, ganda linafunguka lenyewe na kokwa inatoka nzima. Kile kikono cha kupinda ndicho kilichokuwa roho ya mashine.

Kampuni moja kubwa ya mitambo, yenye wakubwa wake Ulaya, ikasema kikono hicho ni chake. Ilikuwa na patenti ya Uingereza, imesajiliwa na kwetu, maana wakati huo ndivyo sheria ilivyokuwa. Ikamshtaki Kondo. Iliomba karakana ifungwe na mashine zote zilizokwisha gawiwa vijijini zikusanywe zivunjwe. Kondo alikuja ofisini kwetu na barua ya kampuni ameikunja ndani ya kofia. "Wakili, mimi sikumwibia mtu. Nimejifunza kwa marehemu Mzee Pazi wa Msimbu, na mashine yake ya kwanza ipo mpaka leo. Wakija kuvunja za vijijini, mimi Mlandizi nitapitia wapi?"

Wakili Salehe macho yakamng'aa. Sheria ilisema kama kitu kilishatengenezwa na kutumiwa hadharani hapa nchini kabla ya mwenye patenti kuomba, basi patenti hiyo kwetu haina nguvu. Kazi ikawa moja tu, kuthibitisha kwamba mashine ya Mzee Pazi ni ya zamani kuliko patenti. Mahakama ikaamuru pande zote mbili zikaikague pamoja, kila upande na mchoraji wake.

Tukaenda Msimbu kwa Landrova, sisi mbele, kampuni nyuma inakula vumbi letu. Mashine ilikuwa chini ya paa la makuti uani kwa Bibi Mwajuma, mjane wa Mzee Pazi. Ilikuwa nyeusi tititi kwa mafuta ya maganda, miguu ya mninga, visu vya springi ya lori, pedali ya baiskeli. Bibi Mwajuma akatukaribisha wote sawasawa, hata wale waliokuja kumshinda, akatupikia mihogo kwa nazi. Mwanasheria wa kampuni alikula sahani mbili.

Hapo ndipo nilipomwona Mzee Mwinshehe akifanya kazi. Alikuwa na umri wa baba yangu, kaptula iliyopigwa pasi, mkoba wa turubai begani. Mimi nilikuwa nimeshafungua ubao nachora. Yeye hakuchora. Aliizunguka mashine mara tatu, akachuchumaa nyuma yake, akatoa mkobani kichupa cha mafuta ya taa na mswaki, mswaki wa meno kabisa, akaanza kuusugua ubao wa nyuma. Nikamwambia kwa kebehi ya ujana, "Shikamoo mzee, unaisukutua?" Akasema, "Marahaba. Mimi sichori uchafu, mwanangu, nachora kilicho chini yake." Akaendelea.

Mimi ule ubao nilikuwa nimeuona. Juu yake kulikuwa na maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwa patasi. Nilisoma Bismillahi, nikaona ni dua kama zilizo kwenye milango ya watu, nikahamia kwenye kikono. Chini ya dua kulikuwa na weusi tu. Sikuugusa. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu wangu ulianza kuota siku ile bila mimi kujua.

Tulipomaliza, Wakili Salehe akamwambia Bibi Mwajuma kwamba mashine itachukuliwa kwenda mahakamani Dar siku ya kesi, na yeye atakuja kueleza mumewe aliitengeneza lini. Bibi akaitikia. Kilichobaki ilikuwa mimi kumwambia, Bibi, mashine hii isiguswe na mtu. Sikumwambia. Niliona ni jambo la wazi. Wanangu, katika kazi zetu hizi hakuna jambo la wazi.

Siku ya kesi lori likaingia uani mwa mahakama, wakafunua turubai. Nilidhani wamekosea mzigo. Mashine ilikuwa ya kijani, inang'aa, miguu imenyooka, pedali mpya, ubao wa nyuma laini kabisa. Bibi Mwajuma alishuka mbele kwa dereva amevaa kanga mpya, anatabasamu. "Nimemwita seremala akaipiga randa yote, akapaka na rangi," akasema. "Mume wangu hakutoa kitu kichafu mbele za watu. Na hapa ni kwa jaji."

Ungekuwa wewe ungemgombeza? Kwetu kitu kikitoka nyumbani kwenda kwa watu wa heshima kinasafishwa. Kuku wa mgeni mwenyewe huoshwa miguu. Wakili Salehe alikaa kwenye ngazi akashika kichwa. Kondo, yule mwenye sauti, alituacha palepale. Alikwenda kusimama karibu na ukuta akaugeukia.

Ndani, Mahakama Kuu ilikuwa inaendeshwa kwa Kiingereza, na mkalimani akitafsiri. Bibi Mwajuma akaapa, akaeleza kwamba mumewe alimtengenezea mashine ile alipochoka kumwona akiungua vidole, na kwamba ilikuwa kabla ya Uhuru. Mwanasheria wa kampuni akainuka. Hakumkaripia. Aliizunguka mashine, akainama akanusa. "Mheshimiwa Jaji, tunaambiwa kitu hiki kina umri mkubwa. Rangi yake bado inanukia." Watu wakacheka. Akamuuliza Bibi kama kuna alama yoyote ya mwaka. Bibi akasema ipo, mume wangu aliandika mwenyewe nyuma, kwa mkono wake. Akateremka kwenda kuonyesha. Akapapasa ule ubao laini, akapapasa tena. Kisha akaelewa.

"Nimemfuta," alisema. "Nimemfuta mume wangu mimi mwenyewe." Mkalimani akatafsiri.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya Wakili Salehe na mchoro wangu mapajani. Mchoro mzuri, mistari safi, mishale yote ipo. Ubao wa nyuma nilikuwa nimeuchora mtupu. Nilitamani sakafu inimeze, na nawaambia kweli, mpaka leo nikikumbuka sauti ya yule bibi najiona mdogo.

Baadaye akaitwa Mzee Mwinshehe, shahidi wa kampuni. Alikuja kuonyesha kwamba kikono cha Kondo na cha patenti ni kitu kimoja, jambo ambalo sisi wenyewe hatukulikataa. Wakabandika ukutani na mchoro wake wa mashine ya Msimbu, maana mahakama ilitaka kila upande ulete wake. Ulikuwa wa wino, umepangika, na ubao wa nyuma ulikuwa mtupu kama wangu. Nikaukodolea macho. Mtu huyu nilimwona kwa macho yangu akisugua ubao ule kwa mswaki, karibu saa nzima. Hakuna mchoraji anayesugua kitu saa nzima asikichore. Na hakuna mchoro wa wino unaozaliwa wa wino, kwanza kuna wa penseli, unaochorwa palepale kwenye kitu, wenye madoa na vidole. Nikamvuta Wakili Salehe joho. "Muulize wa penseli," nikamnong'oneza.

Akasimama. "Mzee, mchoro huu ni wa mkono wako?"

"Ni wangu."

"Uliuchorea Msimbu?"

"Huu niliuchorea ofisini."

"Na wa Msimbu?"

Mzee Mwinshehe akamtazama meneja wake, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele. Meneja alikuwa anatikisa kichwa, kidogo sana. Angeweza kusema umechanika, umelowa, nimeutupa. Michoro ya penseli hutupwa kila siku, hakuna ambaye angemshuku.

"Upo," akasema. Akafungua mkoba wa turubai.

Mwanasheria wa kampuni akaruka kupinga, jaji akampa mkono wa kumkalisha, akaomba aletewe karatasi. Akaitazama muda mrefu. Nyuma ya mashine kulikuwa na maandishi yote, herufi kwa herufi, na chini ya Bismillahi jina la Pazi na mwaka wa Hijiria, kwa kipimo chake kilekile kama yalivyokuwa kwenye mbao.

"Mbona kwenye mchoro wa wino hayamo?" jaji akauliza.

"Niliambiwa mapambo hayahusiki, Mheshimiwa."

"Wewe ulionaje?"

"Mimi niliona yapo."

"Una hakika uliyasoma sawasawa?"

"Niliyapiga mswaki kwanza, Mheshimiwa."

Jaji mwenyewe akacheka. Kesho yake akaletwa mwalimu wa chuo cha Kurani akaupiga hesabu mwaka ule kwa kalenda ya kawaida. Ulikuwa kabla ya Uhuru, na miaka kadhaa kabla ya kampuni kuomba patenti yake huko Ulaya. Na kwa kuwa mchoro ulitoka kwenye mkoba wa mtu wao wenyewe, hawakuwa na pa kusema kwamba tumeughushi. Hukumu ilipotoka, patenti ile ikaonekana haina nguvu nchini. Kondo alipiga ukelele wake uani mwa mahakama, askari akamtoa nje kwa heshima. Karakana ikabaki, mashine zikabaki vijijini.

Mzee Mwinshehe yeye alipata barua. Ilisema nafasi yake haihitajiki tena.

Wakili Salehe alinituma kwake Soga nikamwambie aje kwetu, meza ipo. Nilikwenda kwa treni ya reli ya kati. Nilimkuta shambani analima mihogo, mtu aliyezoea kushika kalamu, viganja vimetoka malengelenge. Mkewe alinipa maji bila kunitazama usoni, na sikumlaumu. Nikatoa ujumbe wangu. Mzee akasimika jembe.

"Muda wa rufaa umekwisha?"

"Bado, mzee. Wana miezi."

"Basi siji. Nikila kwenu leo, watasema ule mchoro mliununua. Yule bibi atafutiwa mume wake mara ya pili."

Nikamwambia, lakini mzee, mtaishije? Akasema mihogo ipo, akachukua jembe. Nilirudi kituoni huku machozi yananitoka, na kwenye behewa nikasingizia moshi. Nimefanya kazi na mawakili wakubwa na mainjinia wenye vyeti vya ng'ambo. Sijakutana tena na mtu wa kunitoa machozi kwa kukataa kazi.

Kampuni haikukata rufaa. Wiki moja baada ya muda kwisha, asubuhi, mlango ukagongwa, akaingia na kaptula yake ya pasi na mkoba wake, amekonda. Akaamkia kila mtu, akauliza kalamu zetu huwa tunazihifadhi wapi. Kisha akaniambia nimletee mchoro wangu wa Msimbu. Nikamletea. Akautazama, akaukunja, akanirudishia.

"Nenda kachore tena."

"Mzee, kesi imekwisha."

"Kesi imekwisha, mchoro haujakwisha." Akanipa na bahasha ya kumpelekea Bibi Mwajuma.

Nikaenda Msimbu. Bibi alifungua bahasha nikiwapo. Ilikuwa karatasi nyembamba ya kuchorea, na juu yake maandishi ya mumewe yametolewa upya kwa wino, kwa ukubwa uleule. Akaweka kidole juu ya jina akalifuata taratibu, kwenda na kurudi. "Ndio mkono wake," akasema. "Alikuwa anaikandamiza herufi ya mwisho hivi. Nilikuwa namtania." Nilimuuliza kama anataka seremala ayachonge tena kwenye ubao. Akakataa, akasema mkono hautakuwa wake, na karatasi hii inamtosha.

Nikakaa chini, nikaichora mashine kwa penseli kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, na mswaki nilikuwa nao. Nikachora rangi ilipochubuka, alama za randa, pedali mpya, msumari uliopinda. Nilirudi ofisini nikauweka mbele ya Mzee Mwinshehe. Akaupitia wote kwa kidole. Akafika ubao wa nyuma.

"Na maandishi?"

Nilikuwa nayajua kwa moyo kufikia hapo. Ningeweza kuyachora nimefumba macho.

"Sikuyaona, mzee. Hayapo."

Kona ya chini ya kila mchoro ina visanduku viwili, kimoja cha aliyechora na kimoja cha aliyekagua. Cha kwanza nilikuwa nimekwisha kukijaza. Akachovya kalamu, akaandika jina lake kwenye cha pili.